Magonjwa Sugu Yanapokuja kwa Mafungu: Yanavyohesabiwa, na Mahali Hesabu Inapoteleza

Jalada la mgonjwa katika kliniki ya magonjwa sugu linaweza kusomeka hivi: E11, I10, M17, N18, F32. Hiyo ni misimbo ya orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, inayosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, na kwa lugha ya kila siku maana yake ni kwamba mtu huyu ana kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu, magoti yaliyolika, figo zinazodhoofika, na sonona. Daktari akiisoma orodha hiyo huona kazi tano zinazomsubiri. Mtafiti huona swali moja: je, magonjwa haya matano yamekutana mwilini mwa mtu huyu kwa sadfa tu, au yana undugu?

Kuna tawi zima la utafiti wa tiba linaloshughulikia swali hilo. Wanaolifanyia kazi hukusanya majalada ya maelfu, wakati mwingine mamilioni, ya wagonjwa, kisha hutafuta magonjwa ambayo hujitokeza pamoja mara nyingi kuliko inavyotarajiwa. Wakiyapata huyaita mafungu, na kila fungu hupewa jina. Jambo ambalo msomaji wa matokeo hayo huambiwa kwa nadra ni kwamba sehemu moja ya fungu imo kweli mwilini mwa wagonjwa, ilhali sehemu nyingine imetengenezwa na namna tulivyohesabu: nani aliingizwa, magonjwa gani yaliorodheshwa, na hesabu ipi ilitumika. Kuzitenganisha sehemu hizo mbili ndiko kiini cha kazi yenyewe.

Tuanze na istilahi, maana zimechanganywa sana. Mwaka 1970 daktari wa Marekani Alvan Feinstein, wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika kuhusu ugonjwa ambatani, akimaanisha ugonjwa mwingine wowote ulio kando ya ule unaochunguzwa. Ukitafiti saratani, basi kisukari cha mgonjwa wa saratani ni ugonjwa ambatani. Mtazamo huo una ugonjwa mmoja uliokaa kitini na mengine yaliyosimama pembeni. Baadaye watafiti, hasa wa tiba ya familia, waliona kwamba mgonjwa wa E11, I10, M17, N18 na F32 hana ugonjwa mmoja ulio mkuu. Leo magoti ndiyo yanayomzuia kutoka nyumbani, mwezi ujao itakuwa figo. Wakaanza kuzungumzia mrundikano wa magonjwa, yaani hali ya mtu kuwa na magonjwa sugu mawili au zaidi kwa wakati mmoja, bila lolote kupewa ukubwa juu ya mengine. Mwaka 2018 Academy of Medical Sciences, taasisi ya wanasayansi wa tiba ya Uingereza, ilipendekeza kwamba katika hesabu hiyo yaingizwe magonjwa ya muda mrefu ya mwili yasiyoambukiza, magonjwa ya akili ya muda mrefu, na pia magonjwa ya kuambukiza yanayodumu, kama vile VVU. Nyongeza hiyo ya mwisho ilikuwa na uzito mkubwa. Orodha zilizokuwa zikitumika kabla yake zilitungwa zaidi katika nchi tajiri, na nyingi ziliacha nje ugonjwa ambao kwa mamilioni ya watu duniani ndio wanaonywea dawa kila siku ya maisha yao.

Orodha hiyo ya magonjwa yanayohesabiwa ndiyo chanzo cha kwanza cha vurugu. Mapitio ya tafiti 566 yaliyochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Public Health yalionyesha kwamba idadi ya magonjwa yaliyohesabiwa ilianzia 2 katika utafiti mmoja hadi 285 katika mwingine, na idadi ya katikati ilikuwa 17. Mtafiti mwenye orodha ya magonjwa 10 na mwenzake mwenye orodha ya magonjwa 60 wakiwapima watu walewale, watarudi na viwango viwili tofauti vya mrundikano, na wote wawili watakuwa wamehesabu sawasawa.

Chukua mfano wa kipimo kinachotumika sana hospitalini, kile cha Mary Charlson na wenzake wa New York cha mwaka 1987. Kipimo hicho kilitungwa ili kukadiria uwezekano wa mgonjwa kufa, kwa hiyo kila ugonjwa ulipewa alama kulingana na uzito wake katika kifo: kisukari kisicho na madhara kwa viungo alama 1, ugonjwa wa figo ulio mkubwa alama 2, saratani iliyosambaa alama 6. Sasa mpitishe mgonjwa wetu humo. Kisukari kitahesabiwa, na figo zikifikia kiwango kinachotakiwa zitahesabiwa pia. Magoti hayamo, sonona haimo, na shinikizo la damu halimo. Magonjwa matatu kati ya matano yametoweka. Si kosa la kipimo. Kilitungwa kutabiri kifo, na magoti yaliyolika hayaui. Kosa ni la anayekichukua kipimo cha kifo na kukitumia kueleza mzigo wa kuishi.

Tukishakubaliana juu ya orodha, hesabu yenyewe inaanza, na msingi wake ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Tuseme katika watu 10,000 asilimia 20 wana shinikizo la damu na asilimia 10 wana kisukari. Kama magonjwa haya mawili hayajuani kabisa, basi wenye yote mawili watakuwa asilimia 20 ya asilimia 10, yaani asilimia 2, ambao ni watu 200. Tukihesabu tukawakuta 600, magonjwa haya yamekutana mara tatu zaidi ya ilivyotarajiwa. Uwiano huo wa kilichoonekana kwa kilichotarajiwa ndio tofali la kwanza la karibu kila utafiti wa aina hii, hata ule unaojificha nyuma ya fomula ndefu.

Tofali hilo, hata hivyo, lina ufa, na ufa wenyewe ni umri. Hebu tutengeneze mfano wa kubuni ili uonekane. Tuna vijana 5,000 na wazee 5,000. Miongoni mwa vijana, asilimia 10 wana shinikizo la damu na asilimia 2 wana mtoto wa jicho. Hivyo kwa sadfa tupu, vijana 10 wana yote mawili. Miongoni mwa wazee, asilimia 50 wana shinikizo la damu na asilimia 30 wana mtoto wa jicho, na kwa sadfa hiyohiyo wazee 750 wana yote mawili. Ndani ya kila kundi magonjwa haya hayana uhusiano hata chembe; tumeyapanga sisi wenyewe yawe hivyo. Sasa wachanganye watu wote. Wenye shinikizo la damu ni 3,000, wenye mtoto wa jicho ni 1,600, na kwa hesabu ya sadfa wenye yote mawili walipaswa kuwa 480. Lakini waliopo ni 760. Uhusiano umezaliwa kutoka hewani, na asiyetenganisha umri atauandikia makala na kutafuta chembe za urithi zinazoueleza. Ndiyo maana matokeo yoyote ya mafungu ambayo hayakuchanganuliwa kwa rika mimi huyasoma kwa mashaka, hata kama yametoka kwenye sampuli ya watu milioni.

Ufa wa pili unatokana na wingi wa maswali yanayoulizwa kwa mpigo mmoja. Orodha ya magonjwa 40 ina jozi 780 na utatu 9,880. Mtafiti akizipima jozi zote 780 kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5, yaani akikubali nafasi ya asilimia 5 ya kudanganywa na sadfa katika kila jozi, hata kama hakuna ugonjwa unaohusiana na mwingine popote, anaweza kutarajia jozi kama 39 zitakazoonekana zina uhusiano. Wanatakwimu wana njia za kuupunguza udanganyifu huu kwa kukaza kigezo, na msomaji ana haki ya kuuliza kama zilitumika.

Kisha lipo suala la mahali wagonjwa walikotolewa. Mwaka 1946 Joseph Berkson, mwanatakwimu wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, alieleza mtego ambao hadi leo unabeba jina lake. Alitumia mfano wa kisukari na ugonjwa wa kifuko cha nyongo. Fikiri kwamba kila ugonjwa kati ya miwili una uwezekano wa asilimia 20 wa kumfikisha mtu wodini. Mwenye ugonjwa mmoja ana mlango mmoja wa kuingilia. Mwenye yote mawili ana milango miwili, na uwezekano wake wa kulazwa unapanda hadi asilimia 36. Ukiwahesabu waliolala vitandani tu, utawakuta wenye magonjwa mawili ni wengi kupita kiasi, na utaamini kwamba magonjwa hayo yanavutana, kumbe kinachovutana ni milango ya hospitali. Mtego huu hugeuka pia upande wa pili: kwa kulinganisha wagonjwa wa hospitali na wagonjwa wenzao, uhusiano wa kweli unaweza kufifia au hata kuonekana kinyume. Tafiti zinazotumia kumbukumbu za vituo vya afya ya msingi, au sajili za taifa zima, huukwepa mtego huu kwa kiasi fulani, si kwa ukamilifu, kwa sababu hata kituo kidogo hakimjui asiyewahi kufika.

Zaidi ya jozi, watafiti hutaka kuona mafungu makubwa, na hapo kompyuta huingia. Njia ni nyingi, lakini zinagawanyika katika pande mbili ambazo ni muhimu kutozichanganya. Upande mmoja hupanga magonjwa: hutafuta ni yapi yaliyo jirani, na hutoa mti au mtandao ambamo kila ugonjwa ni fundo na kila uhusiano ni uzi. Upande wa pili hupanga watu: hutafuta ni wagonjwa gani wanaofanana, na hutoa makundi ya watu. Uchanganuzi wa matabaka fiche, yaani njia ya takwimu inayokisia makundi ya watu yasiyoonekana moja kwa moja, ambao kwa sasa unapendwa sana, ni wa upande huu wa pili. Ukisoma kwamba limepatikana fungu la moyo na kisukari, uliza kwanza ni magonjwa yaliyopangwa au ni watu, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kubeba magonjwa ya mafungu matatu, lakini katika mpango wa watu huwekwa katika kundi moja tu.

Kuna udhaifu mwingine ambao programu hizi zote zinashiriki: hazijui kusema hapana. Ukiziagiza makundi matano zitakupa matano, hata ukizilisha tarakimu zilizozalishwa kwa kurusha dado. Mtafiti mwangalifu hurudia kazi yake kwa nusu nyingine ya data, au kwa watu wa nchi nyingine, aone kama mafungu yaleyale yanarudi. Majina nayo yana hila yake. Kundi linaloitwa la magonjwa ya akili linaweza kuwa na watu wengi ambao hawana ugonjwa wowote wa akili. Limepewa jina hilo kwa sababu sonona imezidi humo kuliko kwingine.

Pamoja na mashaka haya yote, yapo mambo yanayojirudia kila yanapotafutwa. Mafungu matatu hujitokeza katika tafiti nyingi: la moyo, mishipa ya damu na kisukari, la matatizo ya afya ya akili, na la maumivu ya viungo na mifupa. Utafiti uliotikisa zaidi fikra za watu ulifanyika Scotland na kuchapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet na Karen Barnett na wenzake. Walichukua kumbukumbu za watu 1,751,841 kutoka vituo 314 vya tiba ya familia, wakahesabu magonjwa 40. Asilimia 23.2 ya watu hao walikuwa na mrundikano. Ilitarajiwa kwamba kiwango kingepanda kwa umri, na kilipanda. Kilichoshtua ni kwamba kwa idadi kamili ya watu, wenye mrundikano walio chini ya miaka 65 walikuwa wengi kuliko walio na miaka 65 au zaidi, na kwamba katika maeneo maskini zaidi mrundikano ulianza miaka 10 hadi 15 mapema kuliko katika maeneo yenye neema. Mchanganyiko wa ugonjwa wa mwili na wa akili ulikuwa asilimia 11 katika maeneo maskini zaidi na asilimia 5.9 katika maeneo yenye uwezo zaidi. Kwa maneno mengine, umaskini ulifanya kazi ya umri.

Sasa, kujua kwamba magonjwa mawili hukutana si kujua kwa nini. Mara nyingine yana mzizi mmoja: tumbaku huharibu mapafu, moyo na mishipa ya damu kwa pamoja, hivyo ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa na ugonjwa wa moyo hukutana kwa mvutaji bila mmoja kuuzaa mwingine. Mara nyingine mmoja ndiye mzazi: kisukari kisichodhibitiwa huharibu figo, figo zilizoharibika hupunguza homoni inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, na mgonjwa anaishia na upungufu wa damu. Mara nyingine ugonjwa wa kwanza humpeleka mtu kliniki mara kwa mara, huko anapimwa kila kitu, na ugonjwa wa pili hugunduliwa kwa sababu tu alikuwa karibu na mashine.

Njia ya nne ndiyo inayonivuta zaidi, kwa sababu chanzo chake ni matibabu yenyewe. Mtu anapewa amlodipini ya kushusha shinikizo la damu. Baada ya muda vifundo vya miguu vinavimba, jambo linalojulikana kuwa ni athari ya dawa hiyo. Daktari wa zamu, asiyekuwa na jalada lote mbele yake, anaona uvimbe na kumwandikia dawa ya kukojosha. Dawa za kukojosha za aina kadhaa hupandisha asidi ya yuriki katika damu, na siku moja kidole gumba cha mguu kinawaka moto: ni jongo. Kwa maumivu ya jongo anapewa diklofenaki au dawa ya jamii yake, ambayo hupandisha shinikizo la damu na kuzielemea figo, hasa zikichanganywa na dawa za kukojosha. Katika kumbukumbu za kompyuta mtu huyu sasa ana shinikizo la damu, jongo na ugonjwa wa figo, na programu italitambua fungu hilo kwa uhakika kabisa. Fungu ni la kweli. Lakini uzi uliolifunga umo katika karatasi za dawa, na utafiti unaohesabu magonjwa bila kuhesabu dawa hautauona kamwe.

Ili kukaribia sababu, baadhi ya watafiti wameongeza wakati katika hesabu. Mwaka 2014 jopo la Denmaki lilichapisha uchambuzi wa sajili ya taifa iliyohusu wagonjwa milioni 6.2 kwa karibu miaka 15, likatafuta magonjwa yanayokutana na pia mpangilio wake: lipi hutangulia, lipi hufuata. Walipata njia 1,171 ambazo wagonjwa hupitia kutoka ugonjwa hadi ugonjwa. Ni hatua kubwa, ijapokuwa tarehe iliyo katika sajili ni tarehe ya kugunduliwa. Kisukari cha aina ya pili kinaweza kukaa mwilini miaka kadhaa kabla ya kupimwa, kwa hiyo kilichoandikwa cha pili huenda kilifika cha kwanza.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu miongozo ya matibabu imeandikwa ugonjwa mmoja mmoja. Mwaka 2005 Cynthia Boyd na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA zoezi la kufikirika: mwanamke wa miaka 79 mwenye ugonjwa sugu wa njia za hewa, kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, udhaifu wa mifupa na kulika kwa viungo. Walifuata miongozo yote iliyokuwepo bila kuruka mstari. Mama huyo aliishia na dawa 12 na ratiba ya kutwa nzima yenye masharti ya mlo na mazoezi, kwa gharama ya dola 406 kila mwezi, huku baadhi ya maagizo yakigongana. Hakuna mwongozo hata mmoja uliokosea. Kila mmoja ulidhani mgonjwa ni wake peke yake.

Hapa mafungu yanaonyesha faida yake. Magonjwa ya fungu moja mara nyingi yana matibabu yanayoafikiana: kushusha shinikizo la damu kunasaidia moyo, figo na macho ya mwenye kisukari. Hatari hukaa kwenye mipaka ya mafungu. Anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya VVU na metformini kwa ajili ya kisukari, kiasi cha metformini katika damu yake hupanda, na kipimo chake hakina budi kuwekewa ukomo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume kwa baadhi ya dawa za kisukari: huzidhoofisha. Prednisoloni ya pumu hupandisha sukari. Anayejua ni jozi zipi zinazokutana sana katika watu anaowahudumia, anajua ni migongano ipi ya kuandaliwa mapema.

Hata hivyo, kati ya kuyatambua mafungu na kumsaidia mgonjwa kuna masafa. Nchini Uingereza yalifanyika majaribio makubwa, yaliyochapishwa mwaka 2018, ambamo wagonjwa 1,546 wenye magonjwa sugu matatu au zaidi walitokana na vituo 33, na baadhi ya vituo vikapangiwa kubadili utaratibu: badala ya miadi tofauti kwa kila ugonjwa, mgonjwa aliitwa kila miezi sita kwa mapitio ya pamoja ya afya yake, sonona na dawa zake zote. Wagonjwa hao walisema kwamba sasa wanasikilizwa na kwamba huduma inawatazama kama watu kamili. Ubora wa maisha yao, ulipopimwa, haukuwa tofauti na ule wa wenzao waliobaki katika utaratibu wa zamani.